Risasi Zilizofika Zimelala

Jumatatu, 5 Aprili 1976

Mvua tangu alfajiri. Nkuba anaota jino la kwanza na anataka Ubaruku nzima ijue. Nimelala labda saa mbili, na hizo mbili nimezilala nimekaa.

Daftari hili nilipewa kwenye darasa la watu wazima, nilipokuwa nasaidia kuandika ubaoni. Nusu yake bado nyeupe. Nitaandika humu mambo ya msimu huu, maana nyumba yetu ina vyumba viwili na masikio mengi.

Leo zimeletwa risasi mpya. Mume wangu Shigela ndiye mtunza bunduki wa kijiji. Kazi yake ni kuzuia nyati na nguruwe wasivune mpunga kabla yetu. Mwaka jana nyati mmoja aliondoka na risasi yetu mwilini kama mtu aliyechomwa na mwiba, basi Shigela akaomba risasi nzito. Zimekuja boksi tatu. Unene wake ni uleule wa zamani, ila hizi ni ndefu zaidi. Lea, binti yetu wa miaka minne, amezipanga mezani: hizi baba, hizi watoto. Shigela amefurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Jumatano, 7 Aprili

Nyati watano shambani kwa Mzee Ezekia, mwenyekiti wetu. Shigela alipiga nne, zote nzito. Nyati wakamtazama, wakaendelea kula, wakaondoka walipotaka wenyewe.

Jumamosi, 10 Aprili

Nguruwe. Risasi tatu. Hakuna hata manyoya.

Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Nilipika wali na kuku wawili. Wageni walikuwa Mzee Ezekia, na Budeba na mkewe Kalista. Budeba anatunza bunduki ya kijiji cha jirani, aina ileile kama yetu, na ni Msukuma kama Shigela. Walihamia bonde hili la Usangu mwaka mmoja, kila mmoja na ng'ombe wake. Tangu risasi nzito zije, Budeba ameangusha nyati watatu. Sisi tumeangusha matawi.

Nikamtania: "Shemeji Budeba, unawaita kwa jina hao nyati? Mbona kwako wanakuja kufa na kwetu wanakuja kula?"

Budeba akajinyoosha kama jogoo. "Ni nyumba, shemeji. Nyumba ikitulia, mkono unatulia."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mayu hakucheka. Mayu ni mama mkwe wangu. Alikuja Desemba kunisaidia nilipojifungua Nkuba, na kweli ananisaidia, Mungu anaona. Akaweka mfupa chini.

"Umesikia, Shigela? Mimi nimenyamaza siku nyingi. Mume akitoka na silaha, mke hafagii. Hagawi moto wala chumvi. Hacheki kwa sauti, hajibizani na mtu. Huyu mkamwana wangu anafagia kabla hujafika mfereji wa kwanza! Anafagia shabaha yako na kuitupa jalalani."

"Mayu, nyumba yenye mtoto mchanga..."

"Unaona? Anajibu."

Mzee Ezekia akakohoa, akasema bora tujue mapema. Bwana Andendekisye, bwana wanyama wa Mbeya, atakuja tarehe tano Juni kukagua watunza bunduki. Asiyeweza kupiga atanyang'anywa bunduki apewe mwingine.

Basi Mayu akatoa hukumu yake, taratibu kabisa, kama mtu anayepanga safari ya sokoni: "Mkamwana aende kwao Iringa mpaka mpunga uvunwe. Mkono wa mwanangu upone."

Nilimtazama Shigela. Alikuwa anatafuta kitu kwenye wali wake. Hilo liliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Nikasema, "Mayu, nakuheshimu. Iringa nitakwenda, mdogo wangu Verediana anaolewa Mei. Kwenda nitakwenda. Kurudishwa, hapana."

Kalista alinisaidia kuosha vyombo. Alisugua sufuria ya wali mpaka nikaionea huruma.

Jumatatu, 19 Aprili

Nimemwambia Mayu hivi: nitashika miko yote siku kumi, mmoja baada ya mwingine, bila kujibu. Shigela akianza kupiga, nitafunga mizigo yangu mwenyewe. Asipoanza, tutatafuta sababu nyingine. Mayu amekubali. Nadhani alitegemea nilie.

Alhamisi, 22 Aprili

Sijafagia siku tatu. Kuku wameingia, wamepapenda. Lea amepanda mahindi chini ya kitanda.

Jumatatu, 26 Aprili

Kalista alituma mtu aombe chumvi. Nikamnyima. Nimeona aibu mpaka kwenye vidole. Mvua inapungua, mpunga unaanza kuinama.

Ijumaa, 30 Aprili

Siku kumi zimetimia. Shigela katoka mara nne, kapiga risasi sita nzito. Kapata kisiki. Nimefagia leo kwa nguvu mpaka Mayu akatoka nje na kiti chake.

Mchana Shigela alikaa kizingitini na bunduki magotini. Nikamwambia, "Baba Lea, mimi sijui bunduki. Lakini mwalimu wetu Yotamu, darasa la sita, alituotesha maharage kwenye mikebe. Alisema ukitaka kujua kinachoua maharage, badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha maji na udongo na jua pamoja, utabaki na maharage yaliyokufa na hujui kwa nini."

"Kwa hiyo mimi ni haragwe."

"Wewe ni mkebe. Kilichobadilika Aprili ni nini? Mimi nafagia tangu unioe, na mwaka jana ulikuwa unapata nguruwe. Kilichobadilika ni risasi."

Alifuta mtutu kwa pindo la shati. Kisha akasema, "Pasaka nilitakiwa kusema kitu."

"Ulitakiwa."

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Kwenye wali?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Lakini sijamsamehe yote. Nimebakiza kidogo.

Jumamosi, 1 Mei

Sikukuu, hakuna kazi. Tumekwenda nyuma ya kichuguu kikubwa, mahali pasipo njia wala nyumba mbele yake. Tumebandika karatasi za kaki, zile za mifuko ya saruji, hatua mia. Shigela alilaza bunduki juu ya gunia la pumba isiyumbe. Mayu alikuja mwenyewe kuwa shahidi, Nkuba mgongoni mwake, masikio yamezibwa pamba. Nilisema tusipige zaidi ya tatu kwa kila karatasi, maana risasi si za mchezo.

Tatu za zamani, nyepesi: zote zingeenea kwenye kisahani cha kikombe.

Tatu nzito: moja juu kushoto, moja chini kabisa ukingoni, moja haikuonekana.

Tulipokwenda kutoa karatasi ndipo nilipoona. Matundu ya risasi nyepesi yalikuwa duara, safi. Yale ya nzito yalikuwa marefu, umbo la risasi yenyewe, kama vile mtu ameilaza juu ya karatasi akaizungushia kalamu. Risasi haikuingia kwa pua. Iliingia ubavu.

"Ilifika imelala," Shigela akasema.

Mayu akaligusa tundu kwa kidole. "Imechoka njiani," akasema. "Imerogwa."

Jumapili, 9 Mei

Wiki hii nimefanya kitu ambacho mwalimu Yotamu angekipenda, au angenifukuza darasani. Nimepima miko pamoja na risasi. Siku moja nafagia, siku nyingine sifagii. Siku hiyohiyo Shigela anapiga mbili mbili nyuma ya kichuguu. Naandika hapa ilivyokuwa:

Nimefagia, nyepesi: pamoja.
Nimefagia, nzito: ubavu.
Sikufagia, nyepesi: pamoja.
Sikufagia, nzito: ubavu.
Nimegombana na Shigela kwa makusudi (juu ya beseni), nyepesi: pamoja sana. Beseni lenyewe halijaisha.
Nimegawa moto nyumba tatu, nzito: ubavu.
Nimenyamaza kutwa, nzito: ubavu. Hii ilikuwa siku ngumu kuliko zote.

Nilimsomea Mayu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie ile ya beseni. Kisha akasema, "Upo hapahapa kijijini, mkosi unakaa. Ukienda Iringa tutaona."

Haya. Shigela nimemwachia karatasi mbili na risasi nne, apige nikiwa nimeshaondoka.

Alhamisi, 13 Mei. Iringa

Gari la mpunga mpaka Igawa, basi mpaka hapa. Nkuba alitapika Makambako na akalala Mafinga. Baridi ya kwetu imenipokea kama shangazi, kwa kunifinya. Harusi ni Jumamosi, kijijini kwetu Tanangozi, lakini nilishuka mjini kwanza.

Nilikuwa na karatasi zangu kwenye kikapu, chini ya nguo za mtoto. Mama mmoja kwenye basi aliniambia yupo fundi Rasik, karibu na soko, anayetengeneza cherehani, baiskeli na bunduki. Nikaenda. Mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Mkewe Taraben alimchukua Nkuba kabla sijamaliza kusalimia, akampa kipande cha karoti cha kukwaruzia ufizi.

Nikatandaza karatasi juu ya meza. Rasik akazitazama moja moja. Akasoma na maandishi yangu pembeni.

"Mama, nani kakufundisha kuleta karatasi? Mimi miaka ishirini na nane watu wananiletea malalamiko tu." Kisha akasita. "Hapa umeandika 'nimefagia'. Hii ni nini?"

Nikamweleza. Alitoa miwani akafuta machozi ya kicheko, na Taraben akamwambia kitu kwa Kigujarati, kikali, naye akanyamaza. Taraben akanigeukia: "Usimjali, mama. Mimi mama yake alisema chapati zangu zinaharibu biashara."

Basi Rasik akanieleza, na naandika nisije nikasahau. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayojisokota kama kamba. Risasi ikipita inazungushwa, na ule mzunguko ndio unaoifanya ishike njia bila kupinduka. Akaleta pia mbili za kuchezea za mjukuu wake, moja fupi nene, moja ndefu. Akazisokota kwa vidole. Fupi ikasimama ikiimba. Ndefu ikayumba, ikalala. Akaifunga ile ndefu kamba, akaivuta kwa nguvu: ikasimama wima kama askari.

"Risasi nzito ni ndefu, maana unene hauwezi kuongezeka. Inataka kuzungushwa zaidi. Mtutu wenye msokoto wa haraka unaiweza. Mtutu mvivu hauiwezi. Bunduki za aina yenu nyingi zilibadilishwa mitutu zamani. Ukiziona kwa nje ni pacha."

Nikauliza nitajuaje mvivu. Akasema: hakikisha bunduki ni tupu, utazame mara mbili. Toa komeo. Funga kitambaa cha kubana kwenye fimbo ya kusafishia, ile ambayo mpini wake unazunguka. Sukuma taratibu, fimbo itajizungusha yenyewe kufuata mifereji. Ikimaliza mzunguko mmoja, pima imeingia inchi ngapi. Kumi, ni wa haraka, mpe nzito. Kumi na nne, mpe nyepesi tu, usimbebeshe mzigo.

Taraben amenipa tepu yake ya kushonea. Nilikataa, akaiviringisha akaitia mkononi mwa Nkuba. Nani atamnyang'anya mtoto?

Jumamosi, 15 Mei. Tanangozi

Verediana kaolewa. Nimecheza mpaka magoti yakaomba radhi. Mama kaniuliza kama nimerudishwa. Habari imenitangulia. Nimesema, "Mama, nimekuja harusini. Kanga za kurudi nazo nimezifua zinakauka."

Jumanne, 18 Mei

Nimefika na vumbi. Lea alikimbia mpaka barabarani. Kabla sijavua kiatu nikauliza karatasi ziko wapi.

Shigela akazileta. Siku ya Ijumaa, mimi nikiwa Iringa: nzito mbili, moja ubavu, moja haikuonekana. Siku ya Jumamosi, mimi nikicheza harusini: nzito mbili, zote ubavu.

"Sasa, Mayu?"

"Iringa si mbali siku hizi," Mayu akasema. "Lami imefika."

Nikachoka, nikacheka. Tukapima palepale. Shigela alitoa risasi zote, akatazama, mimi nikatazama. Mayu alishika kitako. Nilikata kitambaa kutoka kanga kuukuu, nikafunga unyoya wa kuku kwenye fimbo uwe ndio mshale wa saa. Unyoya ukiwa juu, nikatia alama ya mkaa. Shigela akasukuma. Unyoya ukaanza kulala kulia, ukaenda chini, ukapotea, ukatokea kushoto, taratibu, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamka, ukasimama juu tena. Lea akapiga makofi.

Nikaweka tepu ya Taraben. Inchi kumi na nne. Tukarudia mara tatu. Kumi na nne, kumi na nne, na nusu inchi chini yake.

Mayu akasema tepu ni ya kupimia magauni, mkosi haupimwi kwa tepu. Lakini aliniomba nisukume yeye atazame unyoya. Mara nne.

Jumapili, 23 Mei

Baada ya kanisa tumekwenda kwa Budeba. Alikataa kwanza. "Bunduki haiingizwi unyoya, shemeji." Kalista akamwambia alete, asijifanye.

Inchi kumi kasoro kidogo.

Tukaenda kwenye kichuguu chao. Shigela akapiga bunduki ya Budeba, tatu nzito: zilikaa pamoja, matundu duara, naye akabusu kitako. Kisha Budeba, jogoo wetu, akashika bunduki yetu na risasi zilezile nzito. Moja ubavu. Ya pili ubavu. Ya tatu ilikwenda kusalimia Wasangu wa ng'ambo, hatujui.

Nilidhani hapo ndipo tutafurahi. Budeba akashusha bunduki, uso umembadilika. Akamgeukia mkewe mbele yetu wote. "Mama Helena, asubuhi umefagia?"

Kalista akafungua kanga yake, akaifunga upya.

"Nakuuliza, nani alikuja kuomba moto?"

Na Mayu, karibu yangu, akaanza kutikisa kichwa, "Ehee, ehee," kama mtu aliyepata chumba kingine cha kuweka mzigo wake. Niliona kabisa njia ilivyofunguka: mimi nitoke, Kalista aingie. Na ningeweza kunyamaza. Nimechoka sana mwezi huu, na kunyamaza hakuna kazi.

Nikasimama katikati. "Shemeji, mimi sikubali. Sikupima unyoya mara kumi ili mkosi uhame kutoka mlango wangu uende kwa mwenzangu. Dakika tano zilizopita bunduki yako imeweka tatu pamoja, na mkeo alikuwa ni huyuhuyu, amefagia au hajafagia. Muombe radhi."

"Mambo ya nyumba yangu..."

"Umeyaleta kichuguuni. Muombe hapahapa."

Budeba alimtazama Shigela amsaidie, mwanaume kwa mwanaume. Shigela akasema, kwa sauti ambayo sikuizoea: "Mke wangu kasema kweli. Na mimi nilichelewa kusema, tangu Pasaka."

Basi Budeba akaomba radhi, akitazama viatu. Kalista akasema, "Sijasikia." Akaomba tena.

Sasa nimemsamehe Shigela yote.

Jumatatu, 31 Mei

Nyati tisa. Ekari nzima ya Mzee Ezekia imekuwa njia. Watu wanasema ni nyumba yetu. Siku tano zimebaki kabla ya ukaguzi.

Jumamosi, 5 Juni

Bwana Andendekisye alitakiwa kufika saa tatu, akafika saa saba. Gurudumu lilimkwamisha Mwanjelwa. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kimesubiri juani na kilikuwa na njaa na maneno. Mnyakyusa mrefu, mpole, soksi mpaka magotini. Nilimpa karatasi zangu zote. Alizisoma akiwa amesimama. Ile ya beseni aliisoma mara mbili.

"Mama Lea, hesabu hii ni safi," akasema. "Inchi ninaziamini. Lakini..." Akawatazama watu, na mimi nikajua anatazama nini. Hata akiamini yeye, atarudi Mbeya na gari lake. Mimi ndiye nitakayebaki na hawa.

Mzee Ezekia akasema walichokuwa wanasema wote. "Bwana, Shigela kapiga, ana mke. Budeba kapiga bunduki hii, naye ana mke. Tumesikia kule nako kulikuwa na maneno. Sasa sisi tunajuaje kama ni mtutu au ni nyumba mbili zilizoharibika?"

Watu wakaguna kukubali. Mtu nyuma akasema, "Arudi kwao tu, mpunga unaisha." Kalista akanishika mkono.

Nikafikiri maharage. Badilisha kimoja. Nikasema, "Mzee, basi apige mtu asiye na mke wala mume. Bunduki ipo juu ya gunia, haihitaji fundi, inahitaji kidole. Kama ni nyumba inayoharibu, asiye na wa kumharibia atapiga sawa kwa bunduki zote mbili."

"Nani? Wakipiga vijana wetu, watu watasema wewe umewafundisha."

Ikatoka sauti nyuma yangu:

"Mimi nina ujane wa miaka kumi na moja. Nani atanifagilia shabaha yangu?"

Mayu. Alikuwa ameshamkabidhi Nkuba kwa Kalista na anajifunga kanga kiunoni.

"Mama, inarudi kwa nguvu," Shigela akasema. "Itakuumiza bega."

"Nimekuzaa wewe na kichwa hicho. Leta."

Bwana Andendekisye mwenyewe alikagua, akampangia gunia la pumba, akampangia kitako begani, akasimama nyuma yake amshike. Alianza na bunduki yetu, risasi nzito. Ilipolia, Mayu alirudi nyuma mpaka kifuani kwa bwana mkubwa, akasema neno la Kisukuma ambalo Shigela amekataa kunitafsiria. "Nyingine," akasema. Alipiga tatu.

Kisha bunduki ya Budeba, risasi za boksi lilelile. Tatu.

Hakuna aliyesubiri kuitwa. Watu wote walikwenda kwenye karatasi, na Mzee Ezekia mbele na fimbo yake. Karatasi ya kwanza: tundu moja refu juu pembeni, moja refu chini, ya tatu haipo. Karatasi ya pili: tatu, duara, chini kidogo ya katikati, ungezifunika kwa kiganja cha Mayu. Na kwa kweli Mayu alikuja akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha hapo. Akanitazama.

Mzee Ezekia alipitisha kidole kwenye tundu refu, kama Mayu alivyofanya Mei Mosi. "Haya," akasema. "Ni chuma."

Bwana Andendekisye akaamua palepale: nzito zetu zote zihamie kwa Budeba, nyepesi zake zije kwetu. Nguruwe ni wa Shigela. Nyati wakitokea upande wowote, waitane wapige pamoja. Bunduki yetu iende kwa fundi Iringa baada ya mavuno, iwekwe mtutu wa haraka. Akauliza ni nani ataandamana nayo kumweleza fundi. Shigela akasema, "Huyu. Wamezoeana."

Jumapili, 6 Juni

Bega la Mayu limekuwa rangi ya bilinganya. Asubuhi nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Alivumilia, macho yamefumbwa, Nkuba amelala mapajani mwake.

"Leokadia," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Yale ya Pasaka niliyasema mbele za watu."

"Ndiyo, Mayu."

"Basi haya siwezi kuyasema jikoni. Nipe ile kanga yangu nzuri."

Baada ya kanisa tulikwenda nyumba kwa nyumba, yeye mbele na bega lake, mimi nyuma na mtoto. Alianza kwa Mzee Ezekia. Alisema amemsema vibaya mkamwana wake, kwamba nyumba ya mwanawe haina kosa, kosa lilikuwa kwenye mtutu, na atakayerudia maneno yale aje kwake. Alisema wazi, bila kupunguza. Nilitazama chini ili nisilie.

Kisha akaeleza alivyopiga. Kwa Mzee Ezekia ilikuwa hatua mia. Kwa Kalista ikawa mia na hamsini, na upepo ulikuwapo. Nyumba ya nne, bwana mkubwa hakumshika tena mgongo. Nyumba ya sita, ya watu ambao jana hawakuwapo, ilikuwa hatua mia tatu na risasi zote tatu zilipita tundu moja.

Wenyeji wakanigeukia. "Ni kweli, Mama Lea? Wewe ndiye uliyeandika."

Karatasi ilikuwa kwenye kikapu changu, imekunjwa mara nne, na hatua zimeandikwa juu yake kwa mkono wangu. Niliiacha huko.

"Mayu anapiga," nikasema.